Fungu Lako Ni Lipi? Maswali na Majibu

Neno fungu linasikika sokoni asubuhi, bungeni wakati wa bajeti, pwani vyombo vinaporudi na samaki, na kwenye kikao cha familia baada ya mazishi. Wengi wetu tunalitumia sawasawa bila kufundishwa na mtu. Lakini likifika kwenye fedha na mirathi, kulielewa nusunusu kumewapotezea watu nyumba, mashamba na udugu. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno hili na kazi zake.

Fungu hasa ni nini?

Ni sehemu ya kitu kilichogawanywa, iliyotengwa hata ikaonekana peke yake. Hapo kwenye kutengwa ndipo penye uzito wote. Mwaga gunia la viazi chini, una lundo. Vipange vitano vitano, kila kikundi sasa ni fungu. Mtu anaweza kusema ana sehemu katika shamba la babu yake bila kujua sehemu hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi. Akisema ana fungu, tunatarajia atuonyeshe mpaka, au angalau atutajie kiasi.

Wavuvi nao huita fungu lile tuta la mchanga linalojitokeza baharini maji yakipwa, likawa limejitenga na bahari iliyolizunguka. Mbele ya Dar es Salaam kuna Fungu Yasini, ambalo pamoja na Bongoyo, Mbudya na Pangavini limo katika hifadhi za bahari. Mbali zaidi, kwenye bahari kuu, kipo kisiwa cha Fungu Mbaraka chenye ndege wengi wa baharini, ambacho kwenye ramani za kigeni huandikwa Latham.

Kisarufi, neno hili liko katika ngeli ya LI-YA: fungu hili limetosha, mafungu haya yametosha. Ukilipunguza unapata kifungu, na kifungu tunakikuta kwenye sheria: sehemu ya maandishi iliyotengwa kwa namba yake ili mtu aweze kuinyooshea kidole.

Sokoni tunasema "fungu bei gani?" Je, fungu ni kipimo?

Ni kipimo cha macho. Muuza nyanya hupanga nne au tano, kubwa chini na ndogo juu, kisha hutaja bei moja kwa fungu zima. Mnunuzi hana mzani, ila anaona mafungu yote kwa pamoja, anayalinganisha, anachagua, na mara nyingi anaomba nyongeza. Ndivyo vinavyouzwa vitunguu, mihogo, ndizi, dagaa na samaki wadogo.

Uzuri wa mtindo huu ni kwamba unamfaa mwenye fedha kidogo. Anayepika chakula cha jioni moja hahitaji kilo. Lakini msomaji ajue jambo moja: nyanya zikiadimika, mara nyingi bei ya fungu hubaki ileile na fungu ndilo linalopungua. Jana zilikuwa tano, leo ni nne. Anayefuatilia bei bila kuhesabu nyanya hataona kilichopanda.

Upande wa mkulima mambo ni mazito zaidi. Anapouza kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa nyongeza juu, analipwa gunia moja na kutoa zaidi ya gunia. Ndiyo maana nchini Tanzania Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Fungu la nyanya linavumilika kwa sababu muuzaji na mnunuzi wote wawili wanaliona. Lumbesa hudhulumu kwa sababu anayepanga ukubwa wake ni mnunuzi peke yake, tena akiwa shambani kwa mtu mwenye shida ya fedha.

Fungu, sehemu, hisa, gawio, mgao: yote si mamoja?

Yanakaribiana, na kila moja lina kazi yake.

Sehemu ni neno pana kuliko yote. Kila fungu ni sehemu, lakini si kila sehemu imeshakuwa fungu.

Hisa ni umiliki. Anayenunua hisa za kampuni anamiliki kipande cha kampuni hiyo, japo hawezi kwenda kiwandani na kudai mashine moja iwe yake. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwaka 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa ya gesi, TOL. Katika vikundi vya akiba na mikopo vya VICOBA neno ni hilohilo: mwanachama hununua hisa kila kikundi kinapokutana.

Gawio ni tunda la hisa. Kampuni ikipata faida, na wenye mali wakiamua kuigawa, kila hisa hupata gawio lake. Hisa unaweza kuwa nayo mwaka mzima usipate gawio.

Mgao ni tendo la kugawa, na pia kile kinachomwangukia kila mmoja. Nchini Kenya tunasikia mgao wa mapato: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 203, inataka kaunti zote 47 kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Nchini Tanzania mgao umeshikana na umeme na maji. Katika ukame wa mwaka 2006, maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipopungua mno, neno hilo liliingia kila nyumba likiwa na maana ya saa za giza. Hata hivyo maana ya asili haijafutika. Mgao wa haki ni ule wenye ratiba iliyotangazwa na kufuatwa, ili kila mtaa ujue zamu yake.

Na fungu la kumi? Ni sawa na zaka?

Fungu la kumi ni moja ya kumi ya pato, na kwa Wakristo ndilo toleo linalotajwa tangu habari za Abramu na Melkizedeki katika kitabu cha Mwanzo. Biblia ya Kiswahili hulitaja pia kwa jina la zaka, hivyo kanisani maneno hayo mawili huenda pamoja.

Kwa Waislamu zaka ina hesabu nyingine. Fedha na mali ya biashara iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kukaa mwaka mzima wa mwandamo hutolewa moja ya arobaini, yaani asilimia 2.5. Mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa moja ya kumi, na yaliyomgharimu mkulima kuyamwagilia hutolewa nusu ya hiyo, asilimia 5. Wanaostahili kupokea wametajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, nao ni makundi manane.

Katika mafundisho yote mawili, anayetoa hahesabiwi kuwa amefanya hisani kwa kile alichoamriwa kukitenga. Fungu lile lilikuwa la mwingine tangu lilipokuwa bado ghalani mwake.

Wavuvi hugawana vipi?

Kila pwani ina desturi yake, lakini utaratibu unaofahamika mahali pengi ni huu. Samaki wakishauzwa, gharama za safari hutolewa kwanza: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki hupangwa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na ikiwapo mashine nayo huhesabiwa. Kisha kila baharia hupata fungu lake, na nahodha huongezewa kwa dhamana aliyobeba. Kando ya hayo, kila mtu hubeba kitoweo cha nyumbani kwake.

Msomaji anaweza kushangaa nyavu kupewa fungu. Lakini nyavu huchanika, na mwenye nyavu ndiye wa kuzishona na kununua nyingine. Fungu hapa hufuata mchango. Aliyetoa jasho analipwa kwa jasho, aliyetoa mali analipwa kwa mali, na kila mmoja anajua hesabu kabla tanga halijapandishwa. Siku samaki wakiwa wachache, mafungu yote hupungua pamoja, la tajiri na la baharia.

Bungeni wanaposema "Fungu 46" wanamaanisha nini?

Katika bajeti ya Tanzania kila wizara na taasisi kubwa hupewa fedha zake chini ya namba, na namba hiyo huitwa Fungu. Fungu 43 ni la kilimo, Fungu 46 ni la elimu, Fungu 49 ni la maji, Fungu 52 ni la afya. Ndani ya fungu kuna vifungu, na ndani ya vifungu kuna kasma, ambazo hutaja jambo lenyewe: mishahara, mafuta ya magari, ujenzi wa jengo fulani.

Waziri akishasoma hotuba yake na wabunge kuijadili, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kuyapitia mafungu kifungu kwa kifungu. Mbunge anaweza kusimama na kuuliza juu ya kasma moja tu. Fedha zilizopitishwa kwa fungu fulani haziwezi kuhamia kwingine kwa matakwa ya ofisa. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 imeweka utaratibu wa uhamisho huo.

Mwananchi wa kawaida anaweza kufaidika na neno hili. Ukiambiwa "serikali imetenga fedha za zahanati yenu," uliza zimo katika fungu gani na kasma gani. Zilizotengwa kweli zina namba. Ahadi isiyo na fungu bado haijawa na mahali pa kutokea.

Mafungu ya mirathi ni yapi?

Hapa ndipo neno lilipokomaa. Katika sheria ya Kiislamu, mafungu yaliyotajwa waziwazi ni sita: nusu, robo, thumni (moja ya nane), theluthi mbili, theluthi, na sudusi (moja ya sita). Msingi wake ni aya tatu za Sura ya Nisaa: ya 11, ya 12 na ya 176.

Mume hupata nusu mkewe akifa bila mtoto, na robo akiwa ameacha mtoto. Mke hupata robo mumewe akifa bila mtoto, na thumni kukiwa na mtoto. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, hugawana fungu hilohilo moja. Mama hupata sudusi kukiwa na mtoto wa marehemu au ndugu zaidi ya mmoja, vinginevyo theluthi. Binti akiwa peke yake, bila kaka, hupata nusu. Wakiwa wawili au zaidi hugawana theluthi mbili. Wakiwapo na kaka yao, wote huwa asaba, yaani huchukua kinachobaki baada ya wenye mafungu, mtoto wa kiume akipata maradufu ya wa kike.

Kabla ya mafungu hayo kuna mambo matatu, na hayarukwi: gharama za mazishi, madeni, kisha wosia. Wosia hauzidi theluthi ya kilichobaki baada ya madeni, na haumwendei mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Mahari ambayo mume hakuilipa ni deni. Mjane anayeambiwa "wewe subiri thumni yako" ilhali mahari yake haijalipwa anadai vitu viwili, na cha kwanza ni deni lake.

Tunaomba mfano wa hesabu.

Mwanamume amefariki. Wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mali yote ikithaminiwa ni shilingi milioni 40. Mazishi yamegharimu milioni 1. Madeni, pamoja na salio la mahari, ni milioni 3. Aliusia milioni 4 zijenge kisima cha msikiti. Theluthi ya milioni 36 zilizobaki baada ya mazishi na madeni ni milioni 12, kwa hiyo wosia uko ndani ya mpaka. Za kurithiwa ni milioni 32.

Mke: moja ya nane, milioni 4. Zinabaki milioni 28. Mtoto wa kiume ana sehemu mbili, kila binti sehemu moja, jumla sehemu nne za milioni 7. Kijana anapata milioni 14, na kila binti milioni 7. Jumlisha: 4, 14, 7 na 7 ni 32. Hakuna senti iliyobaki mezani wala aliyesahauliwa.

Angalieni kwamba "nyumba ni ya kijana kwa sababu yeye ni mwanamume" haimo popote katika hesabu hii. Nyumba ni sehemu ya zile milioni 40. Akitaka kubaki nayo, na thamani yake ikipita fungu lake, awafidie wenzake.

Je, mafungu yanaweza kuzidi mali yenyewe?

Yanaweza. Mwanamke amefariki bila mtoto wala mzazi, akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Ukijumlisha unapata saba ya sita. Madhehebu manne ya Kisunni hutatua hili kwa njia iitwayo aul: mali hugawanywa kwa saba badala ya sita. Mume anachukua tatu, dada wanachukua nne. Mali ikiwa milioni 42, mume ana milioni 18 na kila dada milioni 12.

Hesabu hii ina mafunzo. Mali ilipopungua, hakuna aliyeondolewa kwenye orodha ili wengine washibe. Kila fungu limepunguzwa kwa uwiano wake, kama tulivyoona kwa wavuvi.

Mimi si Mwislamu. Fungu langu linapatikana kwa sheria gani?

Inategemea nchi na maisha ya marehemu. Kenya ina Sheria ya Urithi, na Mahakama za Kadhi, kwa ibara ya 170 ya Katiba, husikiliza mirathi pale pande zote zikiwa ni Waislamu na zikikubali mamlaka ya mahakama hizo. Zanzibar ina Mahakama zake za Kadhi. Tanzania Bara mahakama huangalia marehemu aliishi vipi: kwa Uislamu, kwa mila, au kwa maisha yaliyoachana na mila. Kwa hao wa mwisho hutumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambamo mjane mwenye watoto hupata theluthi na watoto theluthi mbili.

Kwenye mila ndiko kwenye kidonda. Kanuni za urithi zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zinawapanga warithi kwa daraja tatu: mtoto wa kwanza wa kiume juu, watoto wengine wa kiume katikati, mabinti chini. Kwa mjane, zinasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi katika shauri la wajane wawili wa Kitanzania, ikaona haki zao zimevunjwa. Nasema bila kuficha: kutunzwa ni wema, na wema una siku unakatika. Fungu ni kitu ambacho mtu anabaki nacho hata wanaomzunguka wakibadilika. Mwanamke aliyelima shamba kwa miongo na mumewe anastahili hicho.

Njia iliyo wazi leo kwa anayefuata mila ni kuandika wosia ulio halali, mbele ya mashahidi, na kuwataja mke na mabinti kwa majina na kwa viwango.

"Kupata fungu la kukosa" ni msemo tu?

Ni msemo, na unasema kweli. Aliyepata fungu la kukosa alikuwapo kwenye mgawo, jina lake lilijulikana, na bado mkono wake ukarudi mtupu. Mara nyingi mtu hufika hapo kwa moja ya njia tatu. Ya kwanza, hakuitwa kikao kilipofanyika. Ya pili, aliitwa akaonyeshwa mafungu bila kuonyeshwa mali yote, hivyo hakujua kilichofichwa. Ya tatu, alidanganywa kwamba kudai ni kukosa adabu kwa marehemu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wakieleza dunia ilivyo. Hawakutuamuru tuiache hivyo.

Basi tufanye nini ili kila mtu alijue fungu lake?

Orodhesheni kwanza, gawanyeni baadaye. Iwe ni kikundi cha akiba kinachovunja mwaka, ni mavuno ya shamba la pamoja, au ni mirathi, karatasi ya kwanza iwe ya mali yote na madeni yote, na kila mhusika aisome au asomewe.

Kubalianeni kanuni kabla ya kuona kiasi. Watu wakishaona fedha, kila mmoja hutafuta kanuni inayomnufaisha.

Anayegawa asiwe wa kwanza kuchagua. Kwenye mirathi huyo ni msimamizi, na kazi yake ni kukusanya, kulipa, kugawa na kutoa hesabu mahakamani. Usimamizi haumpi hata shilingi moja ya ziada katika urithi, na mrithi yeyote ana haki ya kumdai hesabu hiyo.

Ya mwisho ni kwa walio hai na wenye mali. Andikeni mnachomiliki, mnachodaiwa na mnaowadai. Mkeo aijue namba ya kiwanja, binti yako ajue hati ziko wapi. Ukilala bila kuyasema hayo, unawaachia watoto wako kazi ya kutafuta mali kwanza, na kugombana wakati wa kuitafuta. Ukiyasema, unawaachia hesabu ya kujumlisha na kugawanya, ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuimaliza.